Zamu ya Joto

Wa pwani hucheka wakisikia Newala kuna baridi.
Mikindani wanalala barazani, kifua wazi,
wanapunga mbu kwa kipande cha boksi.
Waje Julai. Waje saa kumi usiku,
ukungu umeshapanda kutoka bonde la Ruvuma
na kuingia mjini bila hodi,
bati linatoa jasho, jasho linadondoka
tone, kimya, tone, juu ya chandarua.

Saa hiyo mimi sipo kitandani.
Nalinda ghala la chama, mifuko ya salfa
iliyopangwa hadi darini, inangoja mikorosho.
Nina koti la marehemu baba mkwe, tochi, filimbi,
na gogo linalofuka kuliko kuwaka.
Nikikaa pale nakipitia chumba chetu kichwani
kama mtu anayepiga hesabu ya deni.

Ufa wa dirishani nimeuziba kwa gazeti na uji wa muhogo.
Sura ya mgombea imetazama nje;
aliomba kura, avumilie upepo.
Chini ya mlango kuna suruali yangu kuukuu,
miguu yote miwili nimeijaza pumba,
imelala kizingitini kama mlevi.
Chini ya godoro, magunia mawili ya korosho za mwaka jana.
Yananuka mafuta, yanachoma mgongo,
lakini ubaridi wa sakafu haujajua njia ya kuyapita.
Jirani yetu Likapa alitandika mifuko ya salfa.
Wanawe walikohoa juma zima.

Tuliloligombania ni jiko la mkaa.
Somoe alitaka libaki ndani hadi asubuhi.
Nikamsimulia wale wawili wa Kitangari,
walivyofunga mlango, wakafunga dirisha,
wakalikumbatia jiko lao kwa furaha,
na walivyokutwa: wametulia, kama wanaota sherehe.
Hakujibu. Alilibeba kwa kitambaa, akalitua uani.
Kazi yake akapewa jiwe.

Jiwe lenyewe ni nusu ya figa
lililopasuka mwaka aliozaliwa Maulidi.
Somoe hulichomeka majivuni akimaliza kusonga ugali,
kisha hulivisha kanga iliyofutika maandishi.
Limebaki neno la mwisho tu: SI MIMI.
“Ni nani basi?” huwa namuuliza.
“Ni jiwe,” hunijibu, “nenda kazini.”

Saa kumi na moja mwadhini anakohoa kwenye spika
kabla hajaadhini. Hapo naweka filimbi mfukoni.

Tunakutana mlangoni, mimi naingia, yeye anatoka
na beseni la unga wa vitumbua,
basi la Masasi halimngojei mtu.
Maneno yetu machache: uji upo kwenye chupa,
mtoto kakohoa mara mbili, ndoo moja tu ya maji.
Navua koti. Anageuka, ananyoosha mikono nyuma
kama malkia asiye na haraka,
namvalisha likiwa bado na joto langu la usiku kucha,
kwapani, mgongoni, hadi kwenye ukosi.
Anavuta pumzi. “Unanuka moshi,” anasema,
na anafunga vifungo vyote.

Nami nachukua changu.
Naingia upande wa ukutani, pale alipoamka,
godoro limebonyea umbo lake, jembamba kuliko mimi,
nakunja magoti ili nienee.
Joto lipo. Si jingi, kama chai iliyosahaulika,
lakini lipo, na usiponyanyuka ovyo halikimbii.

Likapa hututania: ninyi mke na mume mnalala lini pamoja?
Kila siku, namwambia.
Kitanda kimoja, saa mbalimbali.
Hacheki tena, maana yeye na mkewe
hulala saa moja, kila mtu na blanketi lake.

Jiwe limeshapoa, nalisukuma kwa kisigino.
Kanga inabaki miguuni.
Nikianza tu kusinzia, Maulidi anageuka,
ananibandika nyayo zake tumboni,
baridi kama vyura wawili.

Nazuia pumzi. Namwacha.